Kiti cha Kinyozi Bledsoe

Baba yangu, Lucius Bledsoe, aliwanyoa watu wa kaskazini mwa mji wa St. Louis, Marekani, tangu ujana wake hadi kiharusi kilipoulegeza mkono wake wa kulia. Baba akiwa bado hospitalini, mdogo wake Alonzo alikitoa kiti chekundu cha baba cha kunyolea kwa makumbusho ya sanaa na utamaduni wetu sisi watu weusi. Hawajasemezana tena.

Jumamosi moja baba aliniambia, "Nipeleke. Nataka kukishika kiti changu kabla sijafa."

Tulipita picha na tarumbeta bila yeye kugeuza shingo. Kiti kilikuwa katika chumba cha mwisho, kimezungushiwa kamba, kimeng'arishwa kama jeneza. Mlinzi wake alikuwa Cortland, ambaye baba alimnyoa tangu utotoni, mpaka akapotea bila kuaga.

"Mzee Bledsoe, tafadhali, usivuke kamba."

"Kamba ya nani? Kiti ni changu."

"Kilikuwa chako. Ukikigusa tu, kengele italia, na mimi sina kazi."

Baba alimkazia macho pajini, kama mtu aliyefumania jambo. "Nani kakunyoa?"

Cortland akashusha kofia. "Nimejinyoa mwenyewe."

"Mwongo! Hiyo ni kazi ya yule kinyozi Purnell. Nani mwingine anarudisha nywele nyuma hivyo mpaka mtu anabaki na paji kama sinia? Ulinikimbia nikiwa mzima, tena kwa Purnell!"

"Mdomo wako ndio ulionikimbiza, mzee."

"Mdomo huu ndio uliokulea, mshenzi wee!"

Kwetu mwanamume akihama kinyozi hujificha. Akimwona yule wa zamani, huvuka barabara. Cortland hakuwa na pa kuvukia.

Baba akainua kamba kwa mkono wa kushoto, akapita. Nilidhani atakaa. Hakukaa. Alisimama nyuma ya kiti, akakizungusha kikamwelekea Cortland, akapiga mgongo wa kiti kwa kiganja, kama alivyowaita wateja miaka yote. Kengele ikaanza kulia.

Cortland alivua kofia, akaja, akakaa. Sidhani kama aliwaza.

Baba akampindisha kichwa kwa kidole, bila huruma. Mkono wa kulia ulining'inia tu. "Kakuharibu kabisa," alisema.

Walinzi wawili waliingia mbio. Baba hakugeuka.

"Simameni hapo ukutani, msubiri zamu," aliwafokea. "Hamwoni kuna mtu mbele yenu?"