Springi Fupi za Gari la Shemeji

Gari lenyewe halikuwa langu. Naanza na hapo kwa sababu mpaka leo kuna watu Ujiji wanaliita gari la mzee, mzee wakinikusudia mimi, na nimechoka kukanusha. Lilikuwa la shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu wa Buyenzi kule Bujumbura. Siku za kazi alikuwa fundi umeme, Jumapili anashindana magari na wenzake. Vita vilipomfikia hakuja na godoro wala sufuria kama watu wengine. Alikuja na gari la mbio, la bluu, lina tundu kwenye boneti la kuvutia upepo na bomba la moshi unaloweza kuingiza ngumi ndani. Alipita njia ya Manyovu, ile ya milimani mpakani, kwenye mawe na makorongo, na alipofika uani kwangu springi ya nyuma ilikuwa imekatika. Gari limeinama upande mmoja kama mbuzi aliyeumia mguu.

Alikaa kwetu kidogo, halafu akapelekwa kambini kama wakimbizi wote. Kambi haikumfaa. Mtu aliyezoea kukimbia umwambie apange foleni ya maharage, ataweza wapi? Akapanda meli kwenda Mpulungu, kule ziwa linakoishia kusini, kutafuta kazi. Kabla hajaondoka aliniita uani akanipa ufunguo kwa mikono miwili.

"Shemeji, hili ni amana," akasema. "Siku nchi ikitulia nakuja kulichukua, napanda nalo Manyovu, narudi kwetu. Sirudi kwa miguu, na sirudi kwenye lori la watu. Nimetoka naendesha, nitarudi naendesha."

"Na mimi nikitaka kuliendesha?"

"Wewe umezoea kusukuma mapipa ya mawese. Lipashe moto tu."

Mashemeji tunataniana, sikukasirika. Lakini neno amana lilinikaa. Sisi tumelelewa nalo. Baba yangu aliwahi kuwekewa sanduku na mfanyabiashara wa ng'ambo ya ziwa, na yule mtu hakurudi. Baba amekufa hajui ndani mna nini. Kamba ya lile sanduku ilipooza alizunguka soko zima kutafuta kamba ya rangi ileile, akaifunga kwa fundo lilelile, na sisi watoto tukakatazwa hata kulikalia. Sanduku liliishia kuliwa na mchwa pamoja na vilivyokuwemo, na baba akaomboleza kama kafiwa. Basi hiyo ndiyo shule niliyoisoma vizuri, maana ile ya ubao na chaki niliigusa tu nikaiacha.

Miaka ile mji wetu ulijaa magari marefu. Mashirika ya kuhudumia wakimbizi yalileta magari meupe yenye antena kama fimbo za kuvulia, yamesimama juu, dereva anakuangalia kutoka huko aliko. Ukikaa ndani ya gari la shemeji, ukasimama nao pembeni, jicho lako linaangalia nati za tairi zao. Na hapo lilikuwa bado halijashushwa. Naomba mlikumbuke hilo.

Kijana wangu mkubwa ana gereji mtaa wa Mwanga. Yeye ndiye aliyelipandisha gari la mjomba wake juu ya mawe ili tairi zisibebe uzito, nami nikawa kila asubuhi naliwasha. Linanguruma uani pale, kuku wanatawanyika, vyombo vinatikisika kabatini, na gari haliendi popote. Majirani wakaja wakauliza mzee anasafiri? Siku ya kwanza nilijibu vizuri.

Nikamwambia kijana tafuta springi. Springi zikaja kwa treni kutoka Dar es Salaam, zote nne, zimefungwa kwenye gunia. Akazipanga kwenye mkeka. Nyekundu, zinang'aa. Mimi ujana wangu nilikuwa mshona nyavu, na jicho la nyavu tunalipima kwa vidole, kwa hiyo mkono wangu huwa unapima kabla mimi sijauambia. Nikaweka shubiri juu ya ile mpya, nikaweka juu ya ile ya zamani.

"Hizi fupi," nikasema.

"Ndizo zenyewe, baba. Ni za kushusha. Gari linakaa chini, halilali kwenye kona."

"Kona ipi? Lami ya mji huu naijua. Haina kona inayoweza kumlaza hata mwenye baiskeli."

"Baba, gari kama hili halikai juu hivi. Linachekesha. Wote wenye nalo wanashusha. Ndiyo maana za kawaida hazipatikani."

"Wanashusha wote?"

"Wote."

"Basi zile za kawaida walizozitoa wamezipeleka wapi?"

Hapo alitazama pembeni akasema anatafuta spana. Mpaka leo sijajibiwa. Nchi nzima inatoa springi ndefu inaweka fupi, na ndefu hazipatikani. Nikilifikiria hilo hata sasa shingo inapata moto.

Mke wangu alikuwa anachambua mchele barazani. Nilidhani hasikilizi. Akaweka ungo chini.

"Mkilishusha hilo gari mmemwambia kaka yangu asirudi kwao."

"Nani kasema hayo?" nikauliza.

"Njia ya Manyovu. Lilipita likiwa na kimo chake likavunjika. Mkilifanya kobe litapitaje?"

Kijana akasema, "Mama, hiyo amani yenyewe iko wapi?"

Akarudi kwenye ungo wake. Mchana ule wali ulikuja bila mchuzi, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Sasa nieleweni vizuri mahali nilipokuwa. Nikiliacha juu ya mawe, gari linakufa taratibu. Raba zinapasuka, mipira ya maji inakauka, panya wameshaanza kuangalia nyaya. Amana inaoza mikononi mwangu kama lile sanduku. Nikifunga zile springi, gari litatembea, litapona, lakini si lile aliloniachia, na njia aliyosema atarudi nayo nitakuwa nimeifunga mimi. Kila upande nina makosa. Na lawama zote ni zangu, kwa sababu ufunguo nilipokea mimi kwa mikono miwili.

Na watu wakajua. Ujiji haina siri ya chuma kinachong'aa. Tukitoka msikitini nashikwa bega: mzee, shusha. Nikifika sokoni: mzee, usishushe. Kuna mmoja, hata toroli hajawahi kumiliki, alinisimamisha juani akanieleza habari za uzito wa gari kwenye kona mpaka samaki niliyembeba akaanza kunuka. Nilimwambia ahsante. Sikuwa na maana ya ahsante.

Nikaamua nimuulize mwenye mali. Abiria mmoja wa meli alikuwa ametuletea namba ya simu ya mahali shemeji alikopata kazi, kule kusini. Nikaenda Mwanga kwenye duka la simu, la kijana mmoja mwenye kiti cha plastiki na saa ya ukutani. Akapiga, ikashika, nikapewa.

"Asalaam alaykum, shemeji."

"Waalaykum salaam. Habari za huko?"

"Nzuri. Wewe mzima?"

"Mzima. Dada yangu hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu. Na wenzako wa huko?"

"Hawajambo. Watoto?"

"Wazima. Kazi?"

"Tunashukuru. Yule bibi wa jirani anayeumwa miguu?"

"Afadhali sasa, anatembea. Na afya yako, kile kifua?"

Mnanicheka, lakini mngefanyaje? Mtu yuko ugenini, amefiwa, amepoteza nyumba, umkurupushie springi kabla hujamuuliza kifua? Kwetu hata anayekuja kukuambia nyumba yako inaungua atakujulia hali kwanza. Tulipomaliza wa kwetu tukaanza wa Buyenzi, nani yuko wapi, nani hajulikani alipo, na hao huwezi kuwaruka. Nikasema, "Sasa shemeji, kuna jambo la gari," na pale pale simu ikakata. Kijana wa duka akaonyesha saa ya ukutani. Nilichokuwa nacho mfukoni kilikuwa kimeisha kwenye miguu ya bibi wa jirani. Nikamuomba anirudishie simu kwa neno moja tu. Akasema mzee, neno moja lako nimeshaliona lilivyo.

Niliporudi mke wangu akauliza kasemaje. Nikasema anasalimia. Akasema, "Na gari?" Nikaenda kuoga.

Basi nikaona njia ndiyo inijibu. Nikadandia lori lililokuwa linapeleka madumu matupu milimani, nikashuka pale barabara inapoharibika, mbele kabisa, nikaanza kupima mawe. Nyumbani nilikuwa nimelala chini ya gari nikapima, nikatoa kimo cha yale mawe lililokalia: kutoka ardhini mpaka sampo, kile chungu cha oili kilichoning'inia chini ya injini, ilikuwa shubiri na vidole viwili. Kwa springi zile fupi, kijana mwenyewe alikubali, ngumi ndiyo ingepita, tena ngumi iliyobanwa. Kwa hiyo nainama, naweka ngumi kando ya jiwe, naangalia. Jiwe limezidi. Naenda mbele. Limezidi. Naweka shubiri. Hilo lingepita. Na hili hapa, hata shubiri halikubali, ndilo labda lililomvunjia springi.

Nikiwa nimeinama ukaja msafara wa malori ya wakimbizi wanaorudi kwao. Siku zile yalikuwa yameanza kupita, watu wamekaa juu ya vitu vyao, mabati, vitanda, mwingine kashika jogoo. Lori moja likapunguza mwendo kwenye korongo karibu yangu. Mama mmoja akanichungulia kutoka juu.

"Mzee, umepoteza nini?"

"Napima mawe."

"Ya kujengea?"

"Ya kupitia."

Akawatafsiria wenzake kwa Kirundi, lori zima likacheka. Mwanamume mmoja akaniambia, "Yahesabu vizuri mzee, tukirudi tena utuambie yamebaki mangapi." Wakacheka zaidi, halafu wakanyamaza wote pamoja, ghafla. Lori likajivuta likatoka korongoni. Vumbi lake nililila mimi.

Nilirudi nyumbani nimekasirika na sijui nimkasirikie nani. Nikamwambia kijana hatufungi. Mjomba wako alisema atapanda Manyovu, na kwa springi hizi hapandi. Nikazitundika kwenye msumari ukutani mwa stoo, zote nne, na gari likabaki juu ya mawe. Kijana akanuna. Akaanza kuniita mlinzi wa mawe, mbele ya wateja wake. Kila asubuhi nikawasha, kuku wakatawanyika, majirani wakaacha kuuliza. Raba za vioo zikaanza kupasuka. Nilikuwa nazipaka mawese kwa kitambaa, natukana peke yangu.

Shemeji alikuja mvua za msimu zikiwa zinaisha. Alishuka melini na begi moja, amekonda, mvi zimeingia. Safari hii salamu nilizikata mimi. Nikamshika mkono nikampeleka uani, nikamwonyesha gari, rangi ileile, kimo kilekile, lisilopungua kitu ila ile springi aliyoivunja yeye mwenyewe. Nilikuwa nasubiri neno. Alilizunguka polepole, akagusa boneti, akachungulia stooni kutafuta jeki. Akakawia humo ndani. Alitoka na springi moja nyekundu mkononi.

"Hizi za nani?"

"Zako. Kijana alikuagizia. Nilikataa zisifungwe."

"Shemeji, hizi nilizitafuta Bujumbura nzima." Akaigeuza mkononi, akapuliza vumbi. "Kwa nini ulikataa?"

"Manyovu," nikasema. "Ulisema utapanda Manyovu. Nimepima mawe ya njia ile kwa mkono wangu. Hazipiti."

Alinitazama nikadhani atacheka. Hakucheka.

"Nyumba ya Buyenzi ina watu," akasema. "Nimeambiwa na mtu aliyeiona. Wamebadilisha mpaka mapazia. Watoto wanacheza pale nilipokuwa naegesha gari."

"Si utawaambia watoke? Ni nyumba yako."

"Niwaambie waende wapi?"

Mke wangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Sijui alikuwa hapo tangu lini.

"Kwa hiyo huendi," nikasema.

"Ego," akajibu, ndiyo kwa Kirundi chao, lugha ambayo kwangu huwa haitumii. Halafu akasema, "Muite kijana afunge."

Nilitaka kumwambia mengi. Nilitaka kumwambia habari za lori lililonicheka, habari za duka la simu, mwanangu aliyenuna, mawese niliyoyamaliza kwenye raba za vioo. Kimo kile nilikuwa nakilinda kwa ajili ya safari aliyonitamkia yeye, nami ndiye pekee niliyebaki nayo. Lakini utamwambia nini mtu aliyeshika springi vile? Nikaenda kumuita kijana. Alikuja mbio, akiwa na zana zote, na hakusema, "Si nilikuambia?" Ningeona afadhali angesema.

Jioni gari likashuka kwenye mawe likakaa chini, chini kweli. Kijana alikuwa amefurahi, analizunguka, analiinamia. Shemeji akaliendesha mpaka Mwanga na kurudi, na wale vijana wa sokoni wakampigia miluzi.

Shemeji sasa ana kibanda chake cha umeme pale Mwanga, na gari analo. Mbele ya nyumba yetu kuna mtaro, na kila akivuka tumbo la gari linakwaruza zege, krrr, mlio mrefu, unausikia mpaka jikoni. Mke wangu akiusikia huacha anachokifanya, husimama hivyo hivyo mpaka uishe, ndipo aendelee. Nimemwambia shemeji aweke ubao pale kwenye mtaro. Kasema ataweka.