Trela ya Maximilla Juu ya Mizani ya Mahindi

Mkimaliza kusikiliza haya mtasema Mjomba Wabuge ameanza tena. Semeni. Mpwa wangu Maximilla wa Kimumu alipima trela nzima ya chuma kwa mizani ya kupimia magunia ya mahindi, halafu akaipima na mizani yenyewe. Nilikuwepo. Bila mgongo wangu ile trela ingekuwa chini mpaka leo.

Maximilla, kama hamumjui, ni mwanamke mfupi mwenye ndiyo moja na hapana moja. Miaka sita amebeba maziwa ya watu kwa gari kuukuu aina ya Probox, mikebe miwili nyuma, kila asubuhi. Sasa akina mama wa Moiben, kiongozi wao Mama Jepchumba, wakamwambia wana lita mia mbili za kufikishwa kila siku kwa kituo cha kupozea maziwa hapa mjini. Lakini wanataka mtu mmoja, safari moja. Kama hataweza kuanza Jumatatu, kuna mwanaume mwenye pikapu anangoja tu kuitwa. Basi Maximilla akaenda kwa Phineas, fundi wa kuchomelea vyuma, naye akamtengenezea trela ya magurudumu mawili.

Fundi wa magari alikuwa amemwonya mapema. Ile Probox isivute zaidi ya kilo mia tano, trela na mzigo pamoja, kwa sababu trela haina breki yake. Ukizidisha, ukifika mteremkoni wewe ndiye utasukumwa. Maziwa na mikebe yake ni kilo mia mbili na hamsini. Kwa hivyo trela tupu isipite mia mbili na hamsini. Hiyo ni hesabu ya darasa la tatu, na darasa la tatu mimi nililijua vizuri, nilikaa huko miaka miwili.

Tukamuuliza Phineas trela yake ina kilo ngapi. Akakuna kichwa. Alikuwa ameiunga kwa vyuma vya kuokota, kipande cha geti hapa, kipande cha kitanda pale. Yeye alijua tu kwamba ni nyepesi. Nikaona wanateseka bure. Nikashika ule mkono wa mbele unaofungwa kwa gari, nikauinua mara moja, nikatangaza kwamba ni kilo mia na hamsini, tusipoteze wakati, mimi nilibeba magunia stesheni nikiwa kijana.

"Mjomba, umeinua pua tu," Maximilla akasema. "Nani hupima ng'ombe kwa pua?"

Jumamosi asubuhi akaivuta tupu, polepole, mimi na Phineas tukiwa ndani ya gari, mpaka stoo ya Collins huko Moiben. Collins hununua mahindi, na ana mizani ya chini, ile ya kulaza gunia juu. Trela nzima haingetoshea. Maximilla akapandisha gurudumu la kushoto juu ya mizani, la kulia akalipandisha kwa mawe, na ule mkono wa mbele akaulaza juu ya gogo, ili trela isimame sawa kama meza. Akasoma: mia moja na nne. Tukageuza, gurudumu la kulia likatoa mia moja na sita. Mkono wa mbele, ishirini na nne. Jumla mia mbili thelathini na nne.

Phineas akaanza kupiga makofi. Mama Jepchumba, aliyekuwa kwenye foleni na magunia yake matano, akasema basi tukutane Jumatatu. Mimi nilishaanza kuulizia chai.

Maximilla hakutikisika. Sisi sote tunajua mizani ya mnunuzi wa mahindi ina njaa. Gunia linatoka nyumbani limenenepa, linafika kwake limekonda. Mkulima hulalamika kidogo na kuzoea. Lakini mizani inayoiba kilo za gunia itaiba na za trela, na kilo zilizoibwa zitamngoja pale mteremkoni.

Akaomba mitungi mitano. Akaipanga mitupu juu ya mizani, akarudisha mshale kwa sufuri. Kisha akaijaza maji kwa kile kikombe chake cha lita moja cha kupimia maziwa, akihesabu kwa sauti, mpaka lita mia moja. Lita ya maji ni kilo, hata Collins anajua.

Mshale ukasimama kwa tisini.

Collins akaeleza kwamba ni vumbi, kwamba mizani ilianguka juzi, kwamba hata yeye anashangaa. Mama Jepchumba aliwaita tu wanawe wakaanza kurudisha magunia kwa mkokoteni.

"Mizani yako ikisema tisini, ni mia," Maximilla akamwambia Collins kwa upole. "Sasa trela yangu ni mia mbili na sitini. Imezidi kumi."

Phineas akasema kilo kumi ni kitu gani. Mimi pia nikasema hivyo, nikidhani ninamtuliza. Maximilla alikuwa ameshapiga magoti nyuma ya trela, anagongagonga ule mlango wa chuma uliokuwa geti la mtu. Akaamuru uondolewe palepale. Tukaupima: kumi na nane kwa mizani ya Collins, yaani ishirini za kweli. Phineas akafunga ubao mwepesi mahali pake, kilo nne, na Maximilla akaujumlisha kwa kidole juu ya vumbi la bodi ya gari. Mia mbili arobaini na nne. Ndipo akaosha mikono.

Jumatatu tukateremka kutoka Moiben na mikebe minne imejaa. Mteremkoni akakanyaga breki, na Probox ikatulia na trela yake nyuma kama ndama amefungwa. Lita zote mia mbili zilifika. Lakini msidhani ilikuwa breki peke yake, kwa maana mimi nilikuwa nimesimama juu ya trela, mkebe huku, mkebe huku, na tulipofika kona nikaushika mti wa kando ya barabara kwa mkono mmoja, nikavuta hivi mpaka gari lote lika—

"Mjomba, ulikuwa kiti cha mbele, umefumba macho, umeshika goti langu."