Karatasi ya Mzee Randa

Kuna watu wakiambiwa "njoo kesho" huja kweli kesho. Wengine, na ndio wengi, wakizungushwa mara mbili hujikalia nyumbani wakaisema serikali huku wamekunja miguu. Mzee Randa, fundi seremala, alikuwa wa kundi la kwanza. Karani wa masijala ya halmashauri aliapa mwenyewe kwamba ilifika wakati akawa anamwona yule mzee hata usingizini, kasimama dirishani na kofia yake mkononi.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwepo, ila nani alilikumbuka? Miaka arobaini alishika randa akilainisha mbao za watu, na jina la chombo likamganda. Hata mkewe alipokasirika alimwita Randa, na alipofurahi alimwita Mzee Randa, basi.

Sasa sikiliza kilichomtoa karakana. Jumatatu moja zahanati ya mtaa iliamka na kufuli kwenye chumba cha kujifungulia. Kando ya kufuli palibandikwa karatasi: "Chumba hiki kimefungwa kufuatia ripoti ya ukaguzi." Mhuri, sahihi isiyosomeka, mwisho. Wala hakuna aliyejua ukaguzi gani, wala uliona nini, wala kitafunguliwa lini. Ukimuuliza diwani, anasema waulize halmashauri. Ukiwauliza halmashauri, wanasema suala linashughulikiwa. Loo, hilo neno linashughulikiwa limeshazika mambo mengi.

Na Mzee Randa alikuwa na lake. Binti yake, kitinda mimba, alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mtoto wake wa kwanza alimzaa katika chumba kilekile, akatoka damu nyingi, na mkunga alisema wazi kwamba nusu saa nyingine njiani yule binti asingekuwa wa kusimuliwa kwa furaha. Hospitali kubwa ilikuwa ng'ambo ya mji, saa moja na nusu barabara zikiwa na huruma. Mzee aliihesabu miezi kwa vidole, akabakiwa na minne.

"Mjukuu wangu hazaliwi ndani ya teksi," alimwambia mkewe.

"Basi nenda ukaongee nao vizuri. Hicho kichwa chako kiache hapa karakana."

Alikwenda nacho. Na kilimfaa, kwa sababu akiwa anasubiri ofisini alianza kukagua bawaba za mlango kama kawaida ya mafundi, akausukuma ufungike, na nyuma yake akakuta bango ambalo halionekani isipokuwa ofisi ikifungwa kwa chakula cha mchana. Bango lilisema kila mwananchi ana haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa halmashauri, kwa maandishi, na atajibiwa ndani ya siku thelathini. Alilisoma mara tatu huku midomo ikicheza. Aliporudi nyumbani aling'ang'ania kalamu mpaka jioni.

Barua ya kwanza ilianza na neno "wajinga". Mkewe akaichana hiyo. Barua safi aliipeleka asubuhi, akaiweka mezani pa karani, akashukuru, akaondoka kifua mbele. Siku ya thelathini alirudi kuchukua jibu lake.

"Barua gani, mzee wangu?" aliuliza karani, mama mmoja wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba.

"Niliyoileta mimi mwenyewe. Niliiweka hapa."

"Nakala yako iliyogongwa mhuri wa mapokezi iko wapi?"

Hakuwa na nakala, wala hakugongewa mhuri. Na masijala ile, barua isiyo na mhuri haijazaliwa bado. Karani alimweleza bila kejeli, lakini mwezi mzima ulikuwa umekwenda na maji. Mzee Randa alitoka nje akasimama kwenye ngazi na hasira yake. Ilikuwa hasira juu yake mwenyewe, na hiyo ndiyo haina wa kumpigia kelele. Binti yake alikuwa amefikisha miezi sita.

Barua ya pili ilikuwa na nakala mbili na mihuri miwili. Aliuliza: kwa nini chumba kimefungwa? Jibu lilikuja baada ya wiki moja, la mistari miwili. Halmashauri hutoa nyaraka zilizopo, haijibu maswali.

"Sasa huu si uhuni?" alimuuliza karani, kaishika ile karatasi ncha kwa ncha.

Karani alitazama mlango wa bosi wake, kisha akainama dirishani. "Mzee wangu, hapa hatuna dawa ya kwa nini. Tunatoa karatasi. Itaje karatasi yako kwa jina na tarehe, uone kama sitaitafuta hata kama imelaliwa na panya."

Basi akaenda zahanati. Mkunga alikuwa bado yupo, amehamishiwa upande wa wagonjwa wa kutwa, anapima mapigo ya moyo na kupuliza pumzi za kuchoka. Mzee alimwomba amwangalizie katika daftari la wageni tarehe waliyokuja wakaguzi.

"Mzee, una hakika unaitaka hiyo karatasi?"

"Ningekuwa sina hakika, binti yangu, ningekuwa nimelala kwangu."

Mkunga alitazama viatu vyake kitambo. Halafu akafunua daftari, akamwandikia tarehe nyuma ya kikaratasi cha dawa.

Barua ya tatu ilikuwa fupi: nakala ya ripoti ya ukaguzi wa chumba cha kujifungulia, uliofanywa tarehe fulani, kurasa zote. Hayo maneno kurasa zote aliyapigia mstari. Mhuri ukagongwa mbele ya macho yake, naye akaupuliza wino mpaka ukakauka.

Kila Jumanne alikwenda kukaa kwenye benchi la ukumbini. Alisema hakwenda kusumbua, anakumbusha tu. Benchi lenyewe lilikuwa na mguu uliolegea, linayumba kama mlevi, na Jumanne ya pili alikuja na nyundo na gundi akalitengeneza bila kuombwa. Bosi alitoka kuuliza nani anagonga. Karani akamjibu, bila kuinua macho, kwamba ni mwananchi anasubiri taarifa. Huko mtaani nako mzee hakunyamaza. Alimwambia kila aliyepita karakana kwamba karatasi ikitoka ataisoma kwenye mkutano wa mtaa, mstari kwa mstari, mhusika atajwe hadharani, aone haya mbele ya wanawake aliowanyima chumba. Mwenyekiti wa mtaa aliiweka kabisa kwenye ajenda.

Siku ya ishirini na nane aliitwa dirishani, akatia sahihi, akapewa bahasha. Hakuifungua njiani. Alikwenda nayo mpaka karakana, akapangusa maranda juu ya ubao, akakaa.

Wakaguzi walikuta kasoro tatu. Bomba halikuwa na maji, na palikuwa pameandikwa pembeni kwamba limeshatengenezwa. Taa ilikuwa moja tu, nayo iliongezwa. Ya tatu ilikuwa kwenye ukurasa wa tatu. "Mlango wa chumba una upana wa sentimita sabini na mbili. Machela ya magurudumu haipiti. Wahudumu wamezoea kuwashusha wajawazito nje na kuwatembeza. Mmoja aliyekuwa na uchungu alianguka mlangoni akavunjika mkono. Mlango ulitengenezwa na fundi wa eneo bila kufuata mchoro. Chumba kisitumike hadi mlango upanuliwe."

Fundi wa eneo alikuwa yeye. Zahanati ile ilipojengwa, miaka ishirini na moja iliyopita, milango yote kumi na mmoja aliitia yeye, na mpaka leo alijivunia kwamba hakuna hata mmoja uliopinda. Mchoro alipewa. Aliutia mfukoni bila kuukunjua, kwa sababu alikuwa na kijiti chake cha kipimo alichorithi kwa fundi aliyemfundisha, na kwa kijiti kile milango yote ilikuwa sawa: ya stoo, ya choo, ya ofisi, ya chumba cha kujifungulia. Mchoro, alikuwa akisema siku zile, ni wa wasiojua kazi. Ndivyo ilivyo, nyani haoni kundule.

Mkewe alimkuta amekaa vilevile, chai imepoa. Alichukua karatasi akaisoma kwa mkono ulionyooshwa mbali, kwa kuwa macho yake ya karibu yalishamtoroka. Hakucheka wala hakumkemea. Alimwita binti yao aliyekuwa ndani.

Binti alisoma akiwa amesimama, mkono kiunoni, tumbo mbele.

"Nawe ulishushwa?" aliuliza mzee.

"Nilishushwa, baba. Hatua zile nilizitembea nimeshika ukuta."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Kila ulipokuja kuniona ulikuwa unaupapasa ule mlango kabla hujanijulia hali."

Hilo lilimchoma kuliko ripoti nzima. Akakumbuka na mkunga alivyotazama viatu vyake. Wote walijua. Walimwonea haya, wakamstahi, na stahi yao ikawa inawaangusha wanawake chini.

Siku moja kabla ya mkutano mwenyekiti alikuja karakana, akafunga mlango nyuma yake. Habari zilikuwa zimeshamfikia. Mkewe Mzee Randa alikuwa na shoga, na shoga naye ana shoga.

"Mzee wangu, wewe ni mtu wa heshima," alisema. "Tutawaambia watu mlango ni mwembamba, tunaomba kibali cha kuupanua, yameisha. Hayo ya fundi yana haja gani?"

Usidhani hakushawishika. Alishawishika sana, akaranda kwanza ubao mzima. Kibali kilihitaji muhtasari wa mkutano tu, na muhtasari ungeandikika bila ukurasa wa tatu. Nani angeuliza?

"Zaidi ya miezi miwili nimewaambia watu wazima pale ofisini kwamba taarifa ya umma haifichwi," alisema hatimaye. "Leo imenitaja mimi, ndiyo ifichwe? Mkuki kwa nguruwe, mwenyekiti. Nitaisoma. Niliomba kurasa zote."

Mkutano ulikuwa kwenye darasa la shule ya msingi, watu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti masikioni. Mzee Randa alisoma ukurasa wa kwanza, wa pili. Wa tatu hakuuruka. Alisoma mpaka "fundi wa eneo", akashusha karatasi.

"Fundi huyo ni mimi. Mchoro nilipewa, sikuufungua. Niliutengeneza mlango wa watu kuzalia kwa kipimo cha stoo."

Nyuma kuna mtu alicheka kidogo, akakatizwa kwa kiwiko. Kwenye dawati la pili alikaa mwanamke mmoja ambaye mkono wake wa kushoto haukunyooka vizuri. Mzee Randa alimfuata pale alipo, akasimama mbele yake na kofia mkononi, vilevile alivyosimama dirishani kwa karani.

"Nisamehe, mama."

Mwanamke yule hakuharakisha. Alimtazama juu mpaka chini. "Nimekusikia, fundi," alisema. "Sasa upanue huo mlango. Hayo mengine tutaongea ukishaupanua."

Watu wakapiga kura ya kuomba kibali, mikono yote juu, muhtasari ukaandikwa palepale. Karani wa masijala aliupokea Jumatatu, akagonga mhuri bila kuambiwa, akaubeba mwenyewe hadi kwa mhandisi. Kibali kilichukua siku tisa. Wanaoijua halmashauri ile wanasema hiyo ilikuwa miujiza, lakini mimi nasema palikuwa na mzee amekaa kwenye benchi lisiloyumba, kila siku sasa.

Safari hii aliukunjua mchoro wa mhandisi na kuubandika ukutani kwa misumari minne. Kijiti hakukileta kazini. Mwashi alivunja ukuta pande mbili, naye akachonga fremu ya sentimita mia na ishirini, mbao mbili za kufunguka kushoto na kulia. Kabla ya kuikaza fremu aliomba jambo ambalo mwashi alidhani ni utani: machela iletwe, na binti yake, mwenye mimba ya miezi minane na ushei, alale juu yake.

"Baba, watu wananitazama."

"Watazame. Lala."

Alilala akijifunika uso kwa ncha ya kanga. Mkunga alisukuma kichwani, mwashi miguuni, wakaingia, wakatoka, wakaingia tena kwa kukata kona, na kila wakipita mzee alichutama akipeleka kiganja kati ya chuma na mbao, kulia, kisha kushoto. Kiganja kilipita kote. Hapo ndipo alipokaza fremu.

Chumba kilifunguliwa rasmi siku ya Jumatano. Siku kumi na moja baadaye, saa nne asubuhi, binti alishikwa na uchungu jikoni kwa mama yake, na damu ikaanza mapema kuliko mara ya kwanza. Walimfikisha zahanati kwa dakika sita. Mkunga alimpakia kwenye machela langoni, akapiga kelele watu wapishe, akasukuma kwa mbio. Mzee Randa alikimbia nyuma yao, akaiona machela inaufikia mlango, akafumba macho.

Haikusimama. Hakuna aliyeshushwa. Alipofumbua macho alikuta mbao mbili zinarudi zenyewe taratibu kufunga, na ndani mkunga ameshaanza kazi.

Alikaa chini sakafuni. Hakujua amekaa muda gani. Mkewe alipotoka kumwambia kwamba wote wawili wazima, mama na mtoto, Mzee Randa aligeukia ukuta akalia kwa sauti, na waliokuwapo wakamwacha amalize.