Mstari Ulionyooka na Kafuri ya Shemeji

Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, anauza dawa ya kuchulia mgongo katika soko la Sange. Wateja wake ni wakulima wa mpunga, watu wanaoshinda wameinama. Dawa yenyewe ni kafuri iliyoyeyushwa katika alkoli ya famasia, basi. Anakoroga kwenye ndoo, anajaza chupa. Haikuwahi kumharibikia mpaka nilipomsaidia.

Mimi ni mtunza ghala hapa Uvira. Kemia nilijifunza ukubwani, peke yangu, katika vitabu vya shule vya Kifaransa visivyo na majalada. Watu wa aina yangu tuna ugonjwa mmoja: tukishajua jambo, tunatafuta mtu wa kumtendea. Alkoli ilipoadimika, shemeji alilalamika tukiwa mezani, nami nikamwambia aniachie ndoo. Ningeiongezea maji, kisayansi.

Nilipima kwa uangalifu. Niliazima mizani ya jirani anayenunua dhahabu, nikasimamisha mitungi ndani ya beseni la maji ili joto lisibadilike, nikaongeza kafuri kidogo kidogo hadi chembe ya mwisho ikakataa kuyeyuka. Alkoli tupu ilimeza kafuri nyingi mno. Maji matupu hayakumeza kitu cha kutajika. Nikatia nukta mbili kwenye karatasi, nikaziunganisha kwa rula. Ulikuwa mstari mzuri. Katikati yake, nusu maji nusu alkoli, ulionyesha kwamba kafuri ingeyeyuka nusu ya ile ya kwanza, na dawa ya shemeji haikuhitaji hata robo ya hiyo. Mimi, ninayeonja chai kabla ya kuongeza sukari, nikamimina maji kwenye ndoo nzima.

Dawa ilikuwa nyeupe kabla sijamaliza kumimina. Chembe zikaanza kutua chini.

Soko lilikuwa keshokutwa, na ndani ya ndoo mlikuwa na kafuri yake yote. Shemeji alikuja, akainama, akatazama ndani.

“Shemeji,” alisema, “minye nilikupa dawa ya mugongo. Weye unanirudishia maziwa.”

Nilimweleza habari za mstari. Alimgeukia dada yake akamuuliza kama ninakula vizuri siku hizi.

Nilirudi kwenye mitungi, safari hii nikapima michanganyiko ya katikati, ambayo mtu mwenye akili angeanza nayo. Nukta zangu mpya zilikaa chini kabisa ya mstari, kama nguo iliyolegea kwenye kamba. Nilizitazama asubuhi nzima. Kumbe kila nilipoongeza kiasi kile kile cha maji, kafuri iliyoyeyuka haikupungua kwa kutolewa. Ilipungua kwa kugawanywa: nusu, kisha nusu ya nusu. Niliandika mahesabu upya kwa kugawanya, na nukta zikakaribia kunyooka. Nilifurahi kama mtu aliyegundua mlango wa nyumba yake mwenyewe.

Hesabu mpya ilisema ndoo ingesafika ikiongezewa alkoli, robo ya ujazo wake. Lakini alkoli iliyobaki ilikuwa bido moja tu, dumu la plastiki, nyumbani kwa shemeji, ya soko litakalofuata. Ilinibidi niiombe. Mke wangu aliniambia nikaombe mwenyewe, yeye ana haya.

Shemeji alisikiliza hadi mwisho. Hakuuliza habari za kugawanya.

“Umejaribu mu kikombe?”

Nilikiri kwamba bado.

Alileta kikombe cha plastiki, akachota maziwa yangu pamoja na chembe zake, akaniamuru nitaje kipimo, akamimina alkoli mwenyewe. Nilikuwa nimeshikilia karatasi kwa mikono miwili. Alikoroga kwa kijiko. Weupe ulikaa, ukakaa tena, kisha ukaanza kuondoka, hadi tukaona maua yaliyochorwa chini ya kikombe.

Shemeji aliweka kikombe chini. Alinyanyua bido, akaniita nimwonyeshe ndoo ilipo, kana kwamba haijui nyumba yetu. Kule alimimina yeye, mke wangu akakoroga. Mimi nilisoma namba nikiwa mlangoni, kwa sababu walinikataza kusogea.

Chupa zilienda Sange zikiwa safi. Dawa ilikuwa imepungua nguvu, nami nilishauri awaambie wateja wapake mara mbili. Alisema atawaambia wapake mara mbili, na kwamba hatawaambia ni nani aliyeitengeneza.