Robo Saa kwa Kila Mfuko

Enzi zile za ruksa, mabati ya nje yalipoanza kujaa madukani Dodoma, nilikuwa mpimaji katika karakana ndogo iliyotengeneza mabati ya saruji na katani. Tuliyaita mabati ingawa hayakuwa na chuma hata kidogo: saruji, mchanga, maji, na nyuzi za katani zilizokatwa urefu wa kidole. Kazi yangu ilikuwa kulaza bati juu ya magogo mawili, kuweka mifuko ya mchanga katikati, mmoja baada ya mwingine mpaka bati livunjike, kisha kuandika idadi.

Kanuni ilikuwa imeandikwa ubaoni: kila mfuko ukiwekwa, subiri robo saa. Mimi na kusubiri hatujawahi kupatana. Mpaka leo chai hunichoma ulimi kila asubuhi. Wakubwa nao walitaka majibu kabla wateja hawajatukimbia. Basi nikawa nabwaga mifuko mfululizo, na bati likawa linahimili hadi kumi na minne. Niliandika kumi na minne na kujiona hodari. Nilidhani mzigo ni mzigo tu, uwekwe upesi au taratibu.

Mama yangu mdogo, mjane, aliishi peke yake kijijini Busi katika nyumba ya tembe ya vyumba viwili, yenye paa bapa la udongo. Paa la chumba kimoja lilipobomoka, nilimpelekea mabati yetu nikaezeka mwenyewe, kwa mteremko mdogo kama alivyotaka. Kwa watu wa tembe paa si la kuzuia mvua tu; huko juu ndiko mtama unakoanikwa, mbali na mbuzi.

"Mwanangu, na haya nayo yatabeba mtama?" aliniuliza, mikono kiunoni.

"Yatabeba, mama. Nimeyapima mwenyewe."

Mavuno yalikuwa mazuri mwaka ule. Masuke yalikaa juu wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, na hakuna kilichotokea. Asubuhi moja, akiwa anafagia chumbani, paa likashuka na kumvunja bega.

Mwanawe wa pekee, mfanyabiashara wa ng'ombe Chemba, akamchukua kwake. Nilipokwenda kumjulia hali, ndugu yangu huyo alizungumza mbele ya mama yake kana kwamba hayupo.

"Mama amezeeka. Anarundika mtama bila kipimo. Hawezi tena kuachwa akae peke yake."

Mama aliutazama mkono wake uliofungwa. "Nilizidisha," alisema.

Nikanyamaza. Nitasema ukweli hata kama unaniaibisha: nilipata nafuu moyoni.

Nafuu ile haikufika nami Dodoma. Siku iliyofuata nililaza bati, nikaweka mfuko, nikakaa robo saa nzima. Nikaweka mwingine, nikakaa. Kwenye mfuko wa saba ulitokea ufa mwembamba, nyuzi zikaushika. Hapo nikaona jambo ambalo sikuwahi kukaa kulitazama. Mzigo ukitulia, nyuzi huanza kuchomoka polepole kutoka kwenye saruji, moja moja, kama nywele kwenye msuko uliolegea, na ufa unafunguka bila mtu kuongeza chochote. Ukibwaga haraka, ufa haupati muda wa kutembea, na bati linaonekana kuwa na nguvu lisizokuwa nazo. Bati lile lilivunjika likiwa na mifuko tisa, mimi nimeketi, sijaligusa.

Niliandika tisa. Nilimpelekea mkubwa wangu na kumwomba wote waliochukua mabati yetu waambiwe wasiweke kitu juu. Alinifokea mpaka sauti ikamkauka, kisha akaomba orodha ya wateja.

Nikarudi Chemba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umerudi mapema hivi?"

Nilimweleza yote: ubao, mifuko, haraka yangu. Nililia nikiwa mtu mzima na ndevu zangu. Nilingoja anilaani, na ningeona ni haki yake.

"Kwa hiyo mtama wangu haukuwa mwingi?" aliuliza.

"Haukuwa mwingi, mama. Ulikuwa ule ule wa miaka yote. Kosa ni langu."

Alifumba macho. Nilifikiri bega linamuuma.

"Mwite mwenzako," alisema. "Umwambie kama ulivyoniambia mimi. Usiruke hata neno moja."

Nilimwita ndugu yangu, nikarudia kila kitu huku mama akinitazama mdomoni. Ndugu yangu aliinamisha kichwa. Nilipomaliza, mama aliinuka, akaanza kukunja kanga zake kwa mkono mmoja.

"Mama, unakwenda wapi?" mwanawe aliuliza.

"Nyumbani kwangu," alisema. "Chumba cha paa la udongo bado kizima."