Paa la Shangazi

Siku zote za msiba wa shangazi sikuweza kutulia kwenye kiti. Nilifika Nambis kutoka Katesh na mkoba mmoja, nikawapa wakubwa shikamoo zao, na badala ya kukaa na wanawake wenzangu nikawa nazunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ndugu walinong'ona kwamba mimi silii. Kweli, sikulia. Nilikuwa naangalia paa.

Nyumba yenyewe ni tembe, ya mwisho iliyobaki upande ule wa kijiji. Nusu yake imechimbwa ndani ya mteremko na paa lake ni bapa, la udongo, hata ukitokea nyuma unapanda juu bila ngazi. Majirani walishahamia kwenye matofali na mabati, tembe zao wakawaachia mbuzi, zikaanguka. Shangazi alikataa. Walimwita bibi wa shimoni, naye akacheka nao huku akiwatuma wamletee nguzo. Wanafunzi wakija aliwaonyesha pa kulala ndama na pa kusagia nafaka, na hakudai hata soda. Ndiye aliyewatoa wanawake kusafisha chemchemi, ndiye aliyefagia zahanati bila kuajiriwa na mtu. Lakini tembe ndiyo iliyokuwa roho yake. Kabla ya mvua alipika makande, akaita majirani, wakapanda juu kuushindilia udongo kwa miguu mpaka nyufa zizibike.

Mwaka huu ugonjwa ulimlaza, na hakuna aliyepanda. Nyufa zilimeza kidole changu chote, na mawingu yalishajaa. Mvua moja kubwa ingetosha kuilaza ile nyumba chini.

Nilimfuata baba mkubwa, kaka yake shangazi, nikamwomba tutengeneze paa kabla ya kuzika. Alinitazama kana kwamba nimemtukana. Kwetu msiba ukiwa nyumbani jembe halishikwi ila kwa kaburi, na shangazi mwenyewe alikuwa mkali wa mila hiyo kuliko yeyote. Nikamjibu kwa hasira kwamba basi tumzike shangazi kwanza, halafu tuizike nyumba yake. Mama alinivuta kanga nikae.

Siku ya maziko jeneza lilikuwa ndani ya tembe, na nje watu walipokezana kipaza sauti. Kila mmoja alisema shangazi alitutunzia historia yetu. Kamati ya kijiji ikaahidi kumwekea bango la kumbukumbu. Paa hakuna aliyelitaja. Niliinuka hotuba ikiendelea, nikazunguka nyuma, nikavua viatu, nikapanda na kuanza kukanyaga.

Kipaza sauti kilinyamaza. Baba mkubwa alikuja na fimbo yake, nikajua nateremshwa. Akapanda, akazitazama zile nyufa na miguu yangu mitupu.

"Jembe huna," alisema.

"Sina, baba."

"Basi kanyaga vizuri. Shangazi yako hakuwa anakanyaga hivyo."

Akaegesha fimbo, akavua viatu vyake vya kanisani. Aliagiza maji na majivu ya majiko tuliyopikia msiba, tukayamwaga kwenye nyufa. Wanawake wakapanda, kisha kwaya nayo, na sare zao. Tulikanyaga mpaka mama mmoja alipoanzisha wimbo ambao shangazi alizoea kutuanzishia. Huko chini vumbi lilipenya kwenye nguzo likaangukia jeneza. Mama alikwenda na kitambaa alifute, baba mkubwa akamwambia aache. Tukamzika hivyo hivyo, na vumbi la paa lake.

Mvua ilitukuta kaburini, sala ya mwisho haijaisha. Watu walikimbilia kwenye turubai. Mimi nilikimbilia ndani ya tembe, nikapiga magoti pale jeneza lilipokuwa, nikaisikiliza mvua juu yangu na kupapasa sakafu huku na huku. Palikuwa pakavu. Hapo ndipo nilipolia.