Kinyonga Juu ya Kitambaa cha Madoa

Mtaa mzima ulimjua kwa jina la Bi Kwanini, na jina hilo hakulipata ukubwani. Alibandikwa angali mtoto, siku alipomuuliza mama yake mbele ya wageni kwa nini kuku akitembea hutikisa kichwa. Akafukuzwa sebuleni, naye akaona heri akamuulize kuku mwenyewe. Alikaa bandani akimkodolea macho mpaka akaitwa kula. Alipokua akawa mwalimu wa baiolojia, na jibu la kuku akalipata: kichwa hutangulia mbele, kikatulia ili macho yaone vizuri, kisha mwili ukakifuata. Mama yake alipoelezwa, alisema kumbe yule kuku ana akili kuliko wageni wa siku ile.

Kila Alhamisi alasiri, akitoka shuleni, Bi Kwanini alipanda ngazi za kituo kidogo cha redio kilichokuwa juu ya duka la rangi na misumari. Alikaa mbele ya kipaza sauti, akaweka glasi ya maji kulia na kijiko kushoto, na watu wakaanza kupiga simu. Kwa nini tumbo hunguruma hata ukishiba? Kwa nini mtu hawezi kujitekenya mwenyewe? Akawajibu kama anayezungumza na jirani juu ya ukuta: tumbo hunguruma kwa sababu hewa na maji husukumwa ndani ya utumbo, ushibe usishibe, na kujitekenya hakuchekeshi kwa kuwa ubongo umeshajua mkono unaelekea wapi.

Kijiko kilikuwa na kazi yake. Akiulizwa jambo asilolijua, alikigonga kwenye glasi, ting, akasema, "Sijui." Hakuona haya wala hakukohoa kwanza. Alhamisi inayofuata alirudi na jibu, au alirudi kusema kwamba wataalamu wenyewe bado wanabishana. Watu walimwamini kwa sababu ya ile ting. Anayekiri asichokijua, walisema, hata anachokijua hakitii chumvi.

Mumewe ndiye aliyekuwa bwana wa chumvi. Alikuwa fundi cherehani, na kibanda chake kilitazamana na duka la mitungi ya gesi. Mikono yake ilikuwa hodari, domo lake hodari zaidi. Alimpenda mkewe, na zaidi ya hapo alijivunia, tena bila breki. Mteja akija kupima suruali, kabla tepu haijafika kiunoni alishaambiwa, "Unajua mimi ni mume wa nani?" Siku ya kipindi alipandisha sauti ya redio mpaka pini zikatetemeka kwenye kopo.

Kosa likaanzia hapo hapo kwenye fahari. Watu wakazoea kumuuliza maswali yeye, maana Alhamisi ilikuwa mbali na Fundi alikuwa karibu. Mwanzoni aliwajibu yale aliyoyasikia redioni. Baadaye akawa anaongeza kidogo. Hatimaye akawa anatunga, na kila alichotunga alikifunga kwa kitanzi kile kile: "Mwalimu mwenyewe kaniambia."

Jumatatu moja Muuza Gesi alivuka barabara akauliza habari za kinyonga.

"Kinyonga?" Fundi akacheka. "Huyo ukimweka juu ya kitu chochote, anageuka kitu hicho. Ukimweka kwenye kitambaa cha madoa, anatoka madoa. Mwalimu mwenyewe kaniambia."

Bi Kwanini hakuwahi kumwambia neno kuhusu kinyonga.

Muuza Gesi hakubisha. Kesho yake alikuja na ndoo, na ndani ya ndoo alikuwamo kinyonga wa kijani aliyemkuta kwenye michongoma nyuma ya ghala lake. Nyuma yake walikuja watu, kwa sababu mtu akibeba ndoo kwa uangalifu namna ile lazima afuatwe. Fundi angeweza kusema ana kazi nyingi. Badala yake alifagia meza kwa kiganja, akatandaza kitambaa cheupe chenye madoa mekundu, akakivuta mpaka kwenye mwanga wa mlangoni ili kila mtu aone vizuri. Mwenyewe aliamini kabisa. Ndivyo walivyo watunzi, wakisharudia jambo mara nyingi huwa wa kwanza kulisadiki.

Kinyonga akawekwa. Akazungusha jicho moja kwa Fundi, jingine kwa watu.

"Madoa yako wapi?" akauliza Muuza Gesi.

"Mpe nafasi. Anachukua vipimo."

Watu wakavunjika mbavu. Kinyonga akaachama, akatoa sauti ya hasira, akageuka rangi kweli, lakini akawa mweusi tu kama sufuria ya juzi. Kisha akakichafua kitambaa, akaanza kushuka mguu wa meza taratibu. Wakacheka hadi machozi, na Fundi akacheka nao, ila kicheko chake kilikwama Muuza Gesi aliposema, "Kumbe na Mwalimu naye hutunga!"

Neno hilo lilitembea mtaani. Fundi alilisikia bombani, akalisikia kwa kinyozi. Ungemtukana yeye angejibu matusi hayo papo hapo, lakini jina la mkewe lilikuwa jambo jingine. Jumatano jioni chakula kilimshinda.

"Fundi, mbona huli?" akauliza mkewe.

"Tumbo tu, Mwalimu."

"Linanguruma au linauma?"

"Linafikiri," akasema, akaondoa sahani. Ulimi ule mrefu ulishindwa kuvuka meza ndogo ya chakula.

Alhamisi kibanda kilijaa watu wasio na nguo za kushonesha. Fundi aliinamia cherehani, akakanyaga kwa kasi asisikie kitu. Lakini alisikia. Redioni, nyuma ya sauti ya mpiga simu, kulikuwa na cherehani inayokwenda mbio. Akaacha kukanyaga. Cherehani ya redioni nayo ikanyamaza. Akageuka, na hapo mlangoni kwake alikuwa amesimama Muuza Gesi, simu sikioni.

"Punguza redio, mpigaji," mtangazaji akasema, na mtu mmoja akaipunguza.

"Mwalimu, shikamoo. Mumeo alituambia wewe ulisema kinyonga akiwekwa kwenye kitambaa cha madoa anatoka madoa. Tumemweka. Hakutoka. Sasa tukuamini vipi?"

Fundi alitamani ardhi ipasuke. Mkewe akisema "ndiyo, nilisema", imani ya watu wote wale imekwisha. Akisema "hapana", mumewe ni mwongo mbele ya mtaa, na hapo hapo wamekaa wakimtazama.

Watu wakaisogelea redio.

"Sikusema," sauti ya Bi Kwanini ikaja, tulivu kama siku zote. "Na si kweli. Kinyonga hafuati nguo. Rangi yake hubadilika akikasirika, akiogopa, akisikia baridi au joto, au akimtaka jike. Ngozi yake ina chembe ndogo sana zinazorudisha mwanga, akizisogeza tu, rangi inabadilika. Alikuwaje huyo wenu?"

"Mweusi."

"Basi alikuwa na hasira. Hata mimi ningekuwa nayo. Mrudisheni mlikomtoa."

Watu wakacheka, na macho yote yakamwendea Fundi. Alikuwa ameinamisha kichwa.

"Lakini ngojeni," akaendelea Bi Kwanini. "Mlimweka wapi?"

"Mezani kwake. Mwenyewe alikivuta kitambaa mpaka mlangoni, kwenye mwanga."

"Mbele yenu wote?"

"Mbele yetu wote."

"Nimefundisha watu wengi," akasema Bi Kwanini, "na wengi wakihofia wamekosea hufunika daftari kwa mkono. Huyu mwanamume alitandaza kitambaa cha kazi yake mwenyewe, akaita mwanga, akawaacha mtazame. Mimi miaka yote hii sijawahi kumweka kinyonga juu ya kitambaa. Nilisoma tu. Kwa hiyo kwa hilo ninajivunia mume wangu, na nasema hivi mkinisikia. Limebaki neno moja tu, na hilo ni la kwake."

Muuza Gesi, ambaye mpaka hapo alikuwa amejiandaa kushangilia, alimnyooshea Fundi simu.

Fundi akaipokea kwa mikono miwili. "Mwalimu," akasema. "Nilikosea. Tena sikuwahi hata kukuuliza."

"Asante kwa kupiga simu, Fundi. Una swali?"

"Ninalo. Kwa nini mtu akiona haya, uso unapata joto?"

"Mishipa midogo ya usoni inatanuka, damu nyingi inapita karibu na ngozi."

"Hilo ndilo linalotokea. Mimi nauliza kwa nini. Mwili unapata faida gani kuniumbua?"

Kijiko kikagonga glasi, kikasikika kwenye simu kisha kwenye redio, ting, ting.

"Sijui," akasema Bi Kwanini, na ilisikika wazi kwamba anatabasamu. "Wapo wenye mawazo yao, lakini hawajakubaliana. Swali zuri sana, mume wangu."

Kibanda kililipuka kwa makofi, na ya Muuza Gesi yalisikika kuliko yote.

Asubuhi iliyofuata mama mmoja alileta gauni la kupunguza. Wakati Fundi anaweka pini, akamuuliza kwa nini mbwa wake hutimua miguu usingizini, anaota au vipi? Fundi alifungua mdomo kwa mazoea. Akaufunga. Akachukua mkasi wake mkubwa, akaugonga kwenye chuma cha cherehani, ukalia hadi ng'ambo ya barabara.

"Sijui," akasema. "Ngoja Alhamisi, nitamuuliza mke wangu."

Na alivyolitamka lile "sijui", kifua mbele, ungedhani amepandishwa cheo.